Orodha za Wafadhili na Utafiti wa Lugha: Mifano ya Kitale na Bungoma

Idara za lugha katika vyuo vikuu vya magharibi mwa Kenya zinapofikiria kulipia hifadhidata ya wafadhili wa utafiti, swali linalotangulizwa aghalabu huwa ni la idadi: hii ina wafadhili wangapi, na ile ina wangapi? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba swali hilo halistahili kutangulizwa. Kila orodha ya wafadhili ilitungwa na watu fulani kwa ajili ya waombaji fulani, na asili yake hubaki ndani yake hata ihamishwapo kutoka kitabuni hadi kwenye kompyuta. Mifano yetu tumeitoa Kitale na Bungoma, miji iliyo jirani na Mlima Elgon, ambako utafiti ulipata fedha kwa njia mbalimbali, na mara nyingine haukuzipata kabisa.

Tuanze na wakati ambapo orodha hazikuwapo. Baina ya 1934 na 1938 Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu, na juzuu ya kwanza ya kitabu chake ikatoka mwaka 1949. Aliyemgharimia ni Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ambayo nayo ilitegemea sana fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Habari za ufadhili wa namna hiyo zilipita midomoni mwa maprofesa wa Ulaya. Mwalimu wa shule ya Bungoma, hata angalikuwa mjuzi wa Lubukusu kuliko Wagner mara kumi, asingalijua kwamba mlango huo upo.

Hali haikubadilika sana baada ya uhuru. Uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika Afrika Mashariki, uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika nchi tano kwa fedha za Wakfu wa Ford, ulitupatia kitabu kuhusu lugha za Kenya kilichohaririwa na W. H. Whiteley na kuchapishwa mwaka 1974. Ni kazi ambayo hatuna budi kuishukuru. Hata hivyo, mpango wake ulitokana na mazungumzo ya wataalamu na maofisa waliofahamiana, wala haukutokana na maombi ya idara iliyosoma tangazo mahali.

Kitale inatupa mfano wa upande wa pili. Utafiti wa mbegu za mahindi ulioanza huko mwaka 1955 ulimwezesha mtaalamu wake, Michael Harrison, kusafiri hadi Amerika ya Kilatini kutafuta mbegu, na mojawapo ya mbegu hizo, iliyotoka Ekuado, ilichanganywa na mahindi ya Kitale ikazaa H611, mbegu chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mahindi yalikuwa na wasemaji wake katika wizara na katika mashirika ya nje. Lugha za wakulima hao hao hazikuwa na msemaji. Hatusemi haya kwa kijicho, kwani mahindi hayo tumeyala sote. Tunasema tu kwamba fedha hufuata njia iliyokwisha kulimwa.

Orodha zilizochapishwa zilianza kwa sababu ambayo haikuhusu Afrika hata chembe. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kamati za Bunge la Marekani zilizishuku wakfu za nchi hiyo na kuzihoji. Mwaka 1956 kikaanzishwa New York kituo cha kukusanya na kuweka wazi habari zao, nacho kikatoa kitabu chake kikuu cha kwanza mwaka 1960. Kituo hicho kiliungana na shirika jingine mwaka 2019 na sasa huitwa Candid. Nayo hifadhidata ya Pivot, iliyo maarufu katika vyuo vikuu, ina mizizi yake katika mradi uitwao Community of Science uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Moja ilitungwa ili Wamarekani wazijue wakfu zao, na nyingine ili wanasayansi wa vyuo vyao wajuane na kuzipata fedha za serikali yao. Zote zimepanuka mno tangu hapo, lakini anayezisoma akiwa Bungoma hana budi kuuliza kila mara: je, tangazo hili linanihusu?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani umegharimia utafiti wa sauti na muundo wa lugha za Kiluhya, Lubukusu ikiwamo. Tangazo la fedha hizo litaonekana katika karibu kila hifadhidata, na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, atalifurahia mpaka agundue kwamba kwa kawaida mwombaji mkuu sharti awe wa taasisi ya Marekani. Kinyume chake ni mpango wa kuhifadhi kumbukumbu za lugha zilizo hatarini, ulioanzishwa mwaka 2002 katika chuo cha SOAS, London, na baadaye ukahamia Berlin: huo hupokea waombaji wa nchi yoyote. Kwa anayetaka kurekodi usemi wa Waogiek wa Chepkitale au wa Wasengwer wa milima ya Cherang'any, tangazo moja la namna hii lina faida kuliko elfu za namna ile.

Kuna tatizo jingine ambalo wanaisimu wanapaswa kuliona kabla ya wengine, nalo ni la majina. Wagner aliandika Vugusu. Wengine huandika Bukusu, Lubukusu au Kibukusu. Na lugha zinazoizunguka huitwa Luyia, Luhya, Luluyia. Mashine hutafuta herufi, haitafuti maana. Tena wafadhili wengi hawataji lugha yoyote, bali huandika chini ya vichwa kama elimu, urithi au jamii za wachache. Hifadhidata isiyomruhusu msomaji kuchanganya vichwa hivyo na sharti la nchi ya mwombaji itamchosha bure.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba wafadhili wengine hawamo katika orodha hizi. Sehemu kubwa ya kazi ya kukiandika Kisabaoti, lugha ya Mlima Elgon, ilifanywa kupitia Bible Translation and Literacy, shirika la Kenya lililoanza mwaka 1981, kwa michango ya kidini ambayo haikuitwa fedha za utafiti. Nao Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2013, hutangaza wenyewe miito yake bila malipo. Sheria hiyo iliutengea asilimia 2 ya pato la taifa, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa. Hata hivyo, kwa idara changa mfuko huo ni mlango wa karibu kuliko yote.

Kwa hiyo idara isikubali kulipa kabla ya kujaribu. Wauzaji wengi huruhusu majaribio ya muda. Wahadhiri watatu wachukue maswali yao halisi, mmoja wa Lubukusu, mmoja wa Kisabaoti na mmoja wa Kiswahili mashuleni, wayatafute kwa tahajia zote, kisha wahesabu matangazo ambayo Mkenya aliyeko Kenya anaweza kuyajibu kwa jina lake mwenyewe. Matokeo hayo yapimwe dhidi ya bei, ambayo hulipwa kwa dola kila mwaka, na dhidi ya vitabu ambavyo maktaba ingeweza kuvinunua kwa fedha hizo hizo. Pale ambapo hesabu itakaribia sifuri, barua ya pamoja ya idara kadhaa kwa muungano wa maktaba za Kenya, ulioanza mwaka 2003 ili kununua majarida kwa ushirika, itakuwa na nguvu kuliko mkataba wa idara moja.