Mfumbiro: Mlima Uliokuwamo Mkatabani na Usiokuwapo Ardhini

Kila mwaka wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wanapopewa ramani ya Afrika Mashariki ili wataje nchi na lugha zake, swali moja hujitokeza. Kwa nini mpaka wa Rwanda upande wa kaskazini-magharibi umepita juu ya vilele vya milima ya volkano? Na kwa nini ng'ambo ya vilele hivyo, Bufumbira nchini Uganda na Bwisha nchini Kongo, watu husema Kinyarwanda? Jibu la haraka ni kwamba mipaka ilichorwa na wakoloni. Jibu hilo ni kweli, lakini halimfundishi mwanafunzi kitu. Makala haya yanajaribu kutoa jibu refu kidogo, nalo linaanza na neno moja ambalo leo limesahaulika: Mfumbiro.

Jina lililosikika Karagwe

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika Karagwe akawa mgeni wa mtawala wake, Rumanika. Msafara wake ulianzia Zanzibar. Speke alizungumza Kihindustani na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akayatia maneno katika Kiswahili. Mara nyingi, basi, neno lilipita katika lugha mbili au tatu kabla ya kufika kwenye daftari.

Akiwa katika vilima vya Karagwe, Speke aliona mbali sana upande wa magharibi vilele vilivyochongoka. Hakuvikaribia. Katika ramani yake alivipa jina alilolisikia huko: Mfumbiro. Jina hilo huelezwa kuwa lina maana ya mahali pa kupikia, na msomaji anayejua Kiganda atakumbuka kwamba jiko huitwa effumbiro. Kwa milima yenye moto ndani yake, jina hilo si baya hata kidogo.

Hata hivyo, watu walioishi chini ya milima hiyo hawakuwa na mlima mmoja. Walikuwa na Muhabura, yaani anayemwelekeza njia aliyepotea. Walikuwa na Sabyinyo, mlima wa meno, na Karisimbi, ambao jina lake huhusishwa na isimbi, kitu cheupe king'aacho, kwa sababu kilele chake hupata weupe wa barafu. Walikuwa pia na Gahinga, Bisoke, Mikeno, Nyiragongo na Nyamuragira. Yote kwa pamoja huitwa ibirunga katika Kinyarwanda, na ndiko lilikotoka jina la Virunga. Milima minane, kila mmoja na jina lake, ikawa mlima mmoja kwenye karatasi.

Mistari ya 1885 na 1890

Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Upande huu wa mashariki, mpaka ulikuwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo 30 Mashariki hukutana na latitudo 1 na dakika 20 Kusini. Msomaji achukue ramani ya leo na rula, aupige mstari huo mwenyewe. Ataona kwamba unapita kama kilomita 30 magharibi mwa Kigali, unaikata Rwanda vipande viwili, na unaliacha Ziwa Kivu lote Kongo. Wakati huo hapakuwa na Mzungu aliyekwisha kuliona ziwa hilo.

Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao sisi wasomaji wa Kiswahili tunaukumbuka kwa ajili ya Zanzibar. Kwa mkataba huo Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapata kisiwa cha Heligoland. Lakini kifungu cha kwanza kilihusu bara. Magharibi mwa Ziwa Victoria mpaka ulitakiwa kufuata latitudo 1 Kusini hadi kwenye mpaka wa Kongo. Kisha likaongezwa sharti: iwapo itaonekana kwamba Mlima Mfumbiro uko kusini ya mstari huo, mpaka upindwe ili mlima ubaki upande wa Waingereza. Mlima ukagawiwa kabla ya kujulikana uko wapi.

Waliofika na walichokikuta

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, na msafara ulioanzia pwani, aliivuka Rwanda. Alikutana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, akapanda Nyiragongo na kukuta kasoko yenye kufuka moshi, kisha akaliona Ziwa Kivu. Mlima mmoja uitwao Mfumbiro haukuwapo. Palikuwa na safu ya milima, na safu yote ilikuwa magharibi ya longitudo 30. Hata Muhabura, ulio mashariki kabisa, uko karibu na 29.7. Kwa maneno mengine, Uingereza na Ujerumani ziligawana mlima ambao, kwa ramani ya 1885, tayari ulikuwa umeandikiwa mtu wa tatu.

Baada yake alikuja daktari Richard Kandt, ambaye jina lake limebaki kwenye nyumba ya makumbusho hapa Nyarugenge. Mwaka 1898 alifuata mto Rukarara hadi msitu wa Nyungwe akitafuta chanzo cha mbali cha Nile. Alijenga kituo Shangi, kando ya Ziwa Kivu, akalichunguza ziwa na kuliwekea ramani. Mwaka 1907, akiwa mwakilishi wa serikali ya Ujerumani, aliianzisha Kigali kama makao ya utawala.

Kadiri vipimo vilivyoongezeka ndivyo mgogoro ulivyokua. Wajerumani walilitaka ziwa, Wabelgiji walishikilia mstari wa 1885, na Waingereza walidai Mfumbiro wao. Mwaka 1909 Waingereza walituma kikosi katika eneo hilo na Wabelgiji wakakipinga. Ndipo wajumbe wa nchi hizo tatu walipokutana Brussels kuanzia Februari hadi Mei 1910. Mwami Yuhi V Musinga, ambaye nchi yake ndiyo iliyokuwa mezani, hakuwa na mjumbe.

Mstari ulionyooka ulifutwa. Badala yake wajumbe walitafuta mpaka wa asili. Ziwa liligawanywa, kisiwa cha Ijwi kikaenda kwa Wabelgiji, na kutoka Gisenyi mstari ukapanda hadi vilele vya Karisimbi, Bisoke na Sabyinyo, kisha Gahinga na Muhabura. Sabyinyo ukawa mahali ambapo mamlaka tatu hukutana, kama ilivyo hadi leo kwa Rwanda, Uganda na Kongo. Bufumbira ikawa Uganda, Bwisha ikawa Kongo. Hilo ndilo jibu la swali la wanafunzi wetu: watu hawakuhama, ila mpaka uliwapitia.

Ardhi isiyotulia

Wajumbe wa Brussels waliamini wamechagua kitu kisichosogea. Sayansi ya dunia inatuambia kinyume chake. Ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa, na chini yake kuna miamba yenye joto kali ambayo hutiririka polepole mno, ingawa kwa sehemu kubwa ni migumu. Mwendo wa mabamba hayo huchana na kubana ardhi ya juu. Bonde la Ufa, tawi la magharibi, ni mojawapo ya mahali ambapo Afrika inachanika. Maziwa Tanganyika, Kivu, Edward na Albert yamo katika mchano huo, na Virunga imesimama ndani yake. Pande mbili za ufa zinaachana kama milimita mbili au tatu kwa mwaka. Tangu 1910 jumla yake ni karibu urefu wa rula ya mwanafunzi.

Urefu huo ni mdogo, lakini kazi yake ni kubwa. Kabla ya Virunga kuinuka, maji ya eneo la Kivu yalitiririka kaskazini kuelekea Ziwa Edward na hatimaye Nile. Lava ya milima hiyo iliyaziba. Ziwa likajaa, likapanda, na maelfu ya miaka iliyopita likafurika kusini kwa njia ya mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hadi mto Kongo. Kandt, aliyekwenda Nyungwe kutafuta maji ya Nile, alikuwa amejenga kando ya ziwa ambalo zamani maji yake yalikwenda huko huko.

Mpaka wa Brussels haujawahi kuzuia kitu kinachotoka chini. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu lava ya mlima huo ni nyepesi na hukimbia sana. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka kuingia Gisenyi. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi liliua watu Bukavu na katika Rusizi na Nyamasheke, baadhi yao wakiwa kanisani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka tena. Kwa siku kadhaa baadaye ardhi ilitetemeka na nyumba zikapasuka Goma na Rubavu pia, kwa kuwa miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikijipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa.

Hata madini hayakufuata ramani ya 1910. Rutongo, kaskazini mwa Kigali, kampuni za Kibelgiji zilianza kuchimba mawe ya bati kufikia miaka ya 1930. Bati hilo, ambalo Wanyarwanda huliita gasegereti, liliachwa na maji ya moto katika nyufa za miamba karibu miaka bilioni moja iliyopita, wakati graniti ilipopanda kutoka chini. Virunga ni watoto wadogo mbele ya umri huo. Ukanda wa miamba hiyo unaunganisha Rwanda, Burundi, Kivu, kusini-magharibi mwa Uganda na Karagwe. Speke alikuwa amesimama juu ya ukanda huo huo alipotazama magharibi na kuandika jina moja.

Kazi iliyobaki kwetu

Walimu wa lugha wanaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya idara ya jiografia. Sivyo. Historia ya Mfumbiro ni historia ya neno lililochukuliwa kwa mbali bila kuwauliza wenye milima, na mpaka ukajengwa juu yake. Upo mfano wa pili ulio kinyume. Kati ya Goma na Sake kuna mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dayoksaidi, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutoka ardhini na kutulia, hasa usiku na alfajiri. Mbuzi hufa humo, na watoto pia. Wenyeji wanaosema Kiswahili huita hali hiyo mazuku. Safari hii wataalamu waliwasikiliza, na leo mazuku ni neno la kisayansi linaloandikwa hivyo hivyo katika majarida ya volkano ya lugha za kigeni.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ndicho wauza samaki wa Rubavu na wa Goma wanachopatania bei. Ndicho pia kitakachotumika usiku ambao jirani wa ng'ambo atapiga kelele kwamba mlima umepasuka. Ni vyema basi wanafunzi wetu watoke darasani wakijua maneno tetemeko, kasoko, ufa na mazuku sawasawa na wanavyojua ngeli za nomino. Aidha, tunawaomba wanaotoka Rubavu, Musanze, Burera na Rusizi watukusanyie majina na maneno ambayo wazee wa kwao huyatumia kwa ajili ya mambo haya, kilima kwa kilima, kila jina likiwa na mahali pake.