Neno "Real": Kutoka Hispania hadi Kampala

Katika vibanda vya kutazamia mpira hapa Kampala, jina la Real Madrid hutajwa karibu kila wiki. Wengi wetu hudhani "real" hapo maana yake ni "halisi". Sivyo. Klabu hiyo ilipewa jina hilo mwaka 1920 na Mfalme Alfonso wa 13, na maana yake ni "ya kifalme".

Kihispania kina maneno mawili yanayofanana kwa umbo, kama vile "paa" la nyumba na "paa" wa porini. "Real" ya kwanza inatokana na Kilatini regalis, yaani "ya mfalme". Ya pili inatokana na realis, yaani "ya kweli". Katika ile ya kwanza ndimo lilimozaliwa jina la sarafu ya fedha iliyoanza kutumika karne ya 14. Baadaye sarafu kubwa ya reali nane ilienea duniani, kwa kuwa fedha ilichimbwa kwa wingi Mexico na Potosí.

Waarabu waliipokea sarafu hiyo pamoja na jina lake, wakaiita riyal. Pwani yetu ikasema reale au riale. Lakini jina lilihama kutoka sarafu moja hadi nyingine. Zanzibar ya karne ya 19, reale iliyojulikana sana ilikuwa ya Austria, yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mwanahistoria akikuta "reale" katika hati ya zamani, asikimbilie kusema ni fedha ya Hispania.

Huku Buganda, wafanyabiashara wa pwani walifika enzi za Kabaka Suuna II. Hata hivyo, kilichoacha jina hapa si reale bali simbi, yaani kauri: hadi leo Waganda huita fedha ensimbi.

Neno la Kihispania limetufikia sasa kwa njia nyingine. Dada yangu anafanya kazi za nyumbani Saudia na hulipwa kwa riyali. Kabla ya kila muhula, mama huuliza riyali imefika shilingi ngapi, ndipo ajue kama karo yangu itatosha. Nilipomweleza kwamba neno hilo asili yake ni mfalme wa Hispania, alinijibu: "Huyo mfalme simjui, mwanangu. Ninayemjua ni dada yako."

Kwa kumalizia, kamusi hutuonyesha neno lilikotoka. Lina maana gani leo, tuwaulize pia wanaolitolea jasho.