Bisie Mbele ya Majaji wa Jukwaani

Kabla Milo Rau hajausikia mgodi wa Bisie, kasiteriti ya huko, yaani madini ya bati, ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Madini hayo yaligunduliwa mwaka 2002 ndani ya msitu wa Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mahali pasipo na barabara. Wapagazi waliyabeba mgongoni zaidi ya kilomita 40, wakikanyaga matope na mizizi hadi Njingala. Kutoka hapo yalipelekwa Kilambo, ambako kipande cha barabara ya lami kilikuwa kiwanja cha ndege, yakarushwa Goma juu ya vilima vya Masisi. Wanajeshi wa brigedi ya 85 ya jeshi la Kongo walijichukulia fungu lao kwa miaka. Walipohamishwa mwaka 2009, wengine waliotoka katika uasi wa CNDP wakashika nafasi hiyo hiyo. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji Kivu na Maniema. Marufuku iliondolewa Machi 2011.

Rau, Mswisi aliyezaliwa Bern mwaka 1977, alisomea sosholojia kabla ya kuwa mwongozaji wa tamthilia. Mwaka 2011 alitengeneza Hate Radio, akiijenga upya jukwaani studio ya RTLM ya Kigali, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Miaka miwili baadaye alifanya Moscow kesi za wasanii, akiwatumia mawakili wa kweli. Ni njia hiyo aliyoileta Kivu mwaka 2015.

Mahakama yake ya Kongo ilikaa siku tatu mwezi Mei katika ukumbi wa Collège Alfajiri, Bukavu, kisha siku tatu mwezi Juni mjini Berlin. Kiti cha jaji kilikaliwa na Jean-Louis Gilissen, wakili Mbelgiji aliyezoea mahakama za kimataifa. Sylvestre Bisimwa, wakili Mkongo, akaongoza uchunguzi. Hakuna aliyekariri maneno ya mtu mwingine. Mchimbaji alikuwa mchimbaji, waziri alikuwa waziri. Kesi zilikuwa tatu: Bisie, mgodi wa dhahabu wa Twangiza, na mauaji ya kijiji cha Mutarule. Katika ile ya Bisie, swali lilikuwa la wachimbaji wadogo: waende wapi, ikiwa kibali cha mlima wanaoutegemea kimekwisha kupewa kampuni?

Hukumu ya mahakama hiyo haikuwa na askari wa kuitekeleza, na wenye dharau waliiita mchezo wa kuigiza tu. Mimi naona hapo ndipo ilipopata nguvu. Mkubwa ambaye angeukwepa wito wa mahakama ya kweli alikubali kuketi mbele ya kamera akajieleza, pengine kwa kudhani hana cha kupoteza. Mawaziri wawili wa jimbo la Kivu Kusini waliojieleza pale walifutwa kazi baadaye. Lakini neno moja linanikwaza: aliyetoka Walikale ilimbidi asafiri hadi jimbo jingine kuusema mlima wake, na Berlin akasemewa na wataalamu.

Filamu ya mahakama hiyo ilitoka mwaka 2017, na mwaka uliofuata Rau akapewa uongozi wa jumba la NTGent, Ubelgiji. Bisie nayo haikungoja. Mgodi wa kampuni ya Alphamin ulianza kuuza bati mwaka 2019. Machi 2025, siku chache kabla waasi wa M23 hawajaingia mji wa Walikale, kampuni ilisimamisha kazi na kuwaondoa watu wake. Waasi walirudi nyuma, na Aprili mashine zikawashwa tena.