Asumini na mrehani wa kikuba, uani kwako

Kikuba bila asumini na rehani hakinukii, na vyote viwili vinaota nyumbani. Kama uani kwako hapo Bububu ni padogo, ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inatosha shina moja la mrehani.

Wasiwasi wa wengi ni huo mrehani: unastawi, unatoa maua, kisha unakauka. Sababu ni mbegu. Ukishazaa, nguvu zote zimekwenda huko. Kata vichwa vya maua kila vinapochomoza, nawe utachuma majani kwa miezi. Bakisha shina moja tu lizae mbegu za kupanda tena.

Asumini omba kijiti kwa jirani: tawi lililokomaa, refu kama kalamu. Ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye udongo wa kichanga, kivulini, usiuache ukauke. Kikishika, kihamishie juani na utie samadi iliyooza. Samadi mbichi tunaikataza, huunguza mizizi.

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usione huruma kuupogoa mti ukimaliza kuchanua. Matumba yachumwe alasiri, yangali yamefumba. Usiku yatafunguka yenyewe, kikuba kikiwa tayari kimevaliwa.