Ngumi, kichuguu na ubao wa Okinawa

Leo nawaletea historia ya jambo ambalo wengi wetu tulilifanya pale Sandoa bila kumwambia mama: kupiga kichuguu kwa ngumi ili mikono iwe migumu.

Miaka ya 1990 tulikuwa tunaangalia video kwa jenereta. Filamu zilikuwa za karate. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, lakini kwetu alikuwa angali muzima kabisa. Usiku tunaangalia, asubuhi tuko nyuma ya nyumba. Kwanza mwembe, halafu kichuguu, halafu tofali la kuchoma. Miye nilifika kwenye tofali siku ya tatu. Mfupa wa kiganja unaoshika kidole kidogo ukavunjika. Mama hakunipiga. Aliangalia ule mukono umevimba, akasema paka hivi: “Weye mutoto, sasa utalima na nini?” Musimu ule dada zangu walilima sehemu yangu ya mihogo, na mpaka leo wananikumbusha.

Nilipofika Lubumbashi kusoma, nikaanza kutafuta: hii mambo ilitoka wapi? Kitu kilichonishangaza ni kwamba wenye karate yao hawakuanza na tofali.

Kisiwani Okinawa, kusini mwa Japani, chombo chao kinaitwa makiwara, maana yake majani makavu yaliyoviringishwa. Ni ubao mrefu uliozikwa ardhini, chini mnene, juu mwembamba, na pale juu panafungwa kamba ya majani ya mpunga. Siri njo hapo: ule ubao unapinda. Ukiupiga unarudi nyuma kidogo, kwa hiyo nguvu hairudi yote kwenye mfupa wako. Kichuguu cha Sandoa, munakijua, hakipindi kwa mtu.

Mwaka 1908 mwalimu Itosu Anko, mzee aliyekwisha kupita miaka 70, aliandika barua ili karate ifundishwe katika mashule ya kule. Kuhusu makiwara alishauri kila mkono upige mara 100 mpaka 200, mabega yakiwa chini. Na mazoezi yawe saa moja au mbili kila siku; baada ya miaka mitatu au minne ndipo mwili unabadilika. Miaka, bandugu! Miye nilitaka siku tatu.

Mwaka 1922 mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, alipeleka karate Tokyo. Baada ya vita vya pili, wanajeshi Wamarekani waliokaa Okinawa wakaibeba kwao. Njiani humo, kuvunja mbao na matofali kukawa maonyesho, juu watu wanapenda kuona kitu kikivunjika. Mzee anayepiga ubao wa majani mara 200 kila asubuhi, nani atalipa kumuangalia? Mimi naona sinema ilituletea mwisho wa safari, ikaficha njia.

Mwili nao una mwendo wake. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika kwamba mfupa unajijenga kulingana na mzigo unaobeba. Ni kweli, lakini polepole sana. Ngozi inaota sugu kwa majuma machache, kama mikono ya mama zetu iliyozoea mwiko wa bukari na mupini wa jembe. Viungo vya vidole haviko vile. Vikipigwa kila siku vinachakaa, na mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua anaweza kuiharibu kabisa.

Wazungu nao walipita njia hiyo kwa ndondi. Zamani walipigana mikono mitupu. Pambano la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu la namna hiyo lilikuwa mwaka 1889 kule Mississippi: John L. Sullivan alimshinda Jake Kilrain baada ya raundi 75. Kanuni za glavu zilikuwa zimetoka tangu 1867. Wengi wanafikiri glavu zinalinda kichwa cha yule anayepigwa. Zaidi zinalinda mkono wa yule anayepiga, maana fuvu ni gumu kuliko vidole.

Na sisi hapa nchini tulilionyesha hilo kwa dunia nzima. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, uwanja wa 20 Mai, Muhammad Ali alimuangusha George Foreman raundi ya 8. Mikono ya Ali ilikuwa imemsumbua kwa miaka, hata kuchomwa sindano juu ya maumivu. Usiku ule ilifungwa bandeji kwa uangalifu kabla ya glavu kuvaliwa. Mikono yenye sifa kuliko yote, na ilitunzwa sawa mayai.

Nimeandika haya juu ya mtoto wa dada yangu. Anataka kwenda Kolwezi kuchimba, na wenzake wamemuambia kule bila ngumi hauishi. Mwezi uliopita nilimkuta nyuma ya nyumba, anapiga ukuta. Vidole vinatoka damu. Sikumugombeza. Tulitafuta ubao, tukauchonga mwembamba juu, tukauzika, tukafunga majani makavu. Siku ya kwanza alipiga mara 20 akasema, “Yaya, hii haiumi, haina kazi.” Nikamuonyesha kidole changu kidogo, ambacho mpaka leo hakinyooki. Aliangalia, akanyamaza, akarudi kupiga. Kuhusu Kolwezi tungali tunazungumza.