Rula ya naitrojeni

Rula ya mti au plastiki inayopima naitrojeni ya majimaji iliyobaki katika mtungi wa mbegu za ng'ombe. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ziko mbali mno na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha. Huko kukisia kiasi cha naitrojeni kilichobaki ni hatari. Rula huzamishwa hadi chini, hutolewa na kupungwa hewani. Palipozama kwenye nyuzi -196 za Selsiasi huganda utando mweupe. Bomba lenye uwazi halifai: naitrojeni huchemka ndani yake na kuruka usoni. Alama za lita hutiwa kwa mizani, kwani lita moja ina takriban kilo 0.8. Zisigawanywe sawasawa, maana shingo ya mtungi ni nyembamba kuliko tumbo. Mbegu iliyokwisha kuyeyuka haiokolewi kwa kujaza mtungi upya.