Nani Atasimama Langoni? Nikimsaka Kipa wa Tatu, Temeke hadi Bunju

Vijiwe vya kahawa vya Temeke vina simulizi moja kuhusu Aprili 2023, na kila anayeitoa anaitoa kwa uhakika. Klabu ya Simba iliishiwa makipa, ikamkabidhi glavu kijana asiyejulikana, na Mungu akamaliza yaliyobaki. Ni simulizi tamu, ila ina tundu. Hakuna anayecheza Ligi Kuu bila jina lake kusajiliwa kabla. Basi jina hilo liliingia kwenye orodha kwa njia gani?

Nianze na yaliyo wazi. Aishi Manula, kipa namba moja, alikuwa majeruhi. Beno Kakolanya, msaidizi wake, naye hakuwepo golini. Tarehe 16 Aprili, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa hapahapa Temeke, aliyesimama langoni dhidi ya Yanga ni Ally Salim. Simba ilishinda 2-0 kwa mabao ya Henock Inonga na Kibu Denis. Siku sita baadaye ikaifunga Wydad ya Morocco 1-0 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, bao la Jean Baleke. Marudiano ya Casablanca, tarehe 28, Wydad ilishinda 1-0, kisha ikapita kwa penalti 4-3. Kijana aliyeokotwa tu angezibeba mechi hizo?

Njia ya kwanza niliyoifuata ni ya sokoni. Klabu kubwa ikipungukiwa hununua, ndivyo tulivyozoea. Njia hii inakatika mapema. Dirisha dogo la usajili la msimu ule lilifungwa katikati ya Januari, na Aprili duka lilikuwa limefungwa hata kwa mwenye fedha. Kama hakununuliwa, alitoka wapi?

Njia ya pili inanipeleka upande wa Kinondoni, kwenye Barabara ya Bagamoyo hadi Bunju, kwenye uwanja wa mazoezi wa Simba. Huku ndiko hadithi inapobadilika. Ally Salim alilelewa katika timu ya vijana ya klabu hiyohiyo kabla ya kupandishwa kikosi cha wakubwa. Lakini ukimtafuta kwenye taarifa za mechi za misimu ya nyuma, humuoni kwa urahisi. Kipa wa tatu hufanya mazoezi wiki nzima, na siku ya mechi mara nyingi hata benchi hakai. Je, ukimya wa kumbukumbu unathibitisha kwamba hakuwa akifanya kazi?

Nikarudi nyuma zaidi, hadi Oktoba 2014, wakati magazeti bado yakiuita Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa jina la Uwanja wa Taifa. Nikakuta hali ileile. Makipa wa Simba, Ivo Mapunda na Hussein Sharif, walikuwa majeruhi dabi dhidi ya Yanga ikikaribia. Tarehe 18 akapangwa kijana Peter Manyika, na mechi ikaisha 0-0. Waliosimulia wakasema ni damu, kwa kuwa baba yake, mwenye jina hilohilo, alidakia Yanga na Taifa Stars. Naipima hoja hiyo kwa heshima. Urithi unaweza kueleza kwa nini mtoto alipenda glavu, lakini hauelezi kwa nini siku ya shida alikuwa tayari kambini. Jambo likitokea mara mbili ndani ya miaka tisa, bado tuliite bahati?

Mwenye shaka ana haki ya kunijibu kwamba soko nalo hufanya kazi, na ni kweli. Agosti 2023 Simba ilimleta kipa Ayoub Lakred kutoka Morocco. Mwaka uliofuata naye akaumia wakati wa maandalizi ya msimu, akaletwa Moussa Camara wa Guinea, na Mei 2025 timu ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ila majeraha ya Julai yanakuta dirisha liko wazi. Ya Aprili hayana dirisha. Na mwezi uleule alioletwa Lakred, Agosti 13, 2023, pale Mkwakwani, Tanga, Ngao ya Jamii iliamuliwa kwa penalti dhidi ya Yanga. Simba ilishinda 3-1, na aliyezuia penalti tatu ni yuleyule kipa wa tatu wa Aprili. Nani angethubutu kumwita wa bahati tena?

Hukumu yangu ni hii: kipa wa dharura hatafutwi siku ya dharura. Beki akiumia, kiungo atarudi nyuma kuziba pengo. Kipa hana wa kumwazima nafasi. Ally Salim alipatikana kwa sababu kulikuwa na timu ya vijana, na kwa sababu kuna watu waliompigia mashuti mazoezini wakati hakuna aliyemwangalia. Muujiza unaosimuliwa Temeke unawafuta watu hao wote.

Basi nawaomba wenye timu, kuanzia Ligi Kuu hadi za mchangani za Mbagala, Tandika na Mwananyamala: mpangeni kipa wa tatu kwenye mechi za kirafiki na za kombe angali hahitajiki, na mwekeeni mwalimu wa makipa. Majeraha hayapigi hodi, na ratiba haimsubiri anayejifunza.